Karte ya Mchango Mlangoni pa Kanisa

Siku ile tulikuwa tumeshuka kutoka Kirungu, tukapita bandarini Moba, twende kusaidia maziko katika kijiji kimoja cha wavuvi. Hatutataja jina la kijiji wala la parokia, maana lililotokea pale latokea na penginepo. Jeneza lilikuwa limekwisha kufika mbele ya kanisa, wanawake wanaimba, msalaba uko tayari. Lakini mlango haukufunguliwa. Mkubwa wa shirika alikuwa ameketi juu ya jiwe, amefungua daftari magotini, anatafuta jina la marehemu. Alipoliona akahesabu kwa kidole: miezi 14 bila mchango. Wajomba wakaenda pembeni, wakachangachanga, kijana mmoja akakimbia kwa mwenye duka kukopa. Baada ya saa moja na zaidi feza ikapatikana, ikaandikwa, daftari likafungwa, kanisa likafunguliwa. Misa ikasomwa vizuri. Katika mahubiri tukasikia ya kwamba wokovu ni zawadi ya bure.

Hatuandiki haya kwa kumshitaki mkubwa yule wa shirika. Ni mtu mwaminifu, hajala hata falanga moja ya Eklezya, na siku ile alikuwa na haya kuliko sisi sote. Alifanya alivyoagizwa. Ndiyo sababu twataka kupima, kama waseminari wanavyozoea kupima maandishi, namna zetu za kuomba feza kwa waamini: maneno tunayoyasema, vyombo tunavyovitumia, yaani sahani, bahasha, daftari, karte, na fundisho linalotoka ndani ya vyombo hivyo. Maana mwamini asiyesoma katekisimu huisoma karte yake, naye ajua mahali pa kila muhuri.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Eklezya yahitaji feza, na waamini wana wajibu wa kuisaidia. Kanuni 222 ya Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 yasema hivyo wazi. Mafuta ya pikipiki ya kupanda Marungu hayashuki kutoka mbinguni, divai ya Misa hununuliwa, bati la kanisa hutoboka. Anayesema ya kwamba dini ya kweli haiombi feza hajatunza kanisa hata mwaka mmoja. Sisi twauliza namna ya kuomba, na afanyiwe nini asiye na kitu.

Kwetu swali hilo lina mizizi ya zamani, kwa kuwa misioni yetu haikujengwa kwa feza yetu. Mpala, aliyoianzisha Kapiteni Storms mwaka 1883, ilipewa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie mwaka 1885, pamoja na Karema ng'ambo ya ziwa. Toka siku zile hata siku za Monsinyori Roelens, aliyewekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1896, nguo, misumari na vitabu vililipwa zaidi na sadaka za Ulaya. Watu wengi huwaza ya kwamba watoaji wale walikuwa matajiri. Sivyo. Katika mji wa Lyon, mji wa wafumaji wa hariri, binti mmoja jina lake Pauline Jaricot aliwapanga wafanyakazi kumi kumi. Kila mmoja alitoa sou moja kwa juma, na mmoja wao akaikusanya; juu ya makumi kumi akawekwa mkubwa wa mia, na juu ya mia kumi mkubwa wa elfu. Mwaka 1822 mpango huo ukawa Chama cha Kueneza Imani, kilichozisaidia misioni za dunia nzima, na zetu pia. Feza ya wafanyakazi wenye mikono yenye sugu ndiyo iliyowalisha mapadri waliotubatizia mababu.

Anayelijua shirika ataona mara moja ya kwamba mpango wa Lyon ni ndugu yake: kikundi kidogo, mtu wa kukusanya, kiasi kidogo, kila juma. Lakini aangalie jambo moja tusilo nalo. Kwa kila watu kumi chama kilitoa nakala moja ya gazeti lake, Annales, iliyopita mkono kwa mkono. Ndani yake mlikuwa na barua za wamisionari, na hesabu ya kila mwaka: jimbo gani limetoa kiasi gani, misioni ipi imepokea kiasi gani. Mwanamke aliyetoa sou yake aliweza kusomewa habari za ziwa ambalo hatalifikia. Karte yetu yamwambia mwamini anachodaiwa. Haijamwambia hata mara moja kilichofanywa.

Na mwisho wa Pauline mwenyewe wafaa kukumbukwa. Alitia mali yake katika kiwanda alichotaka kiwe cha haki kwa wafanyakazi. Wenziwe wakamdanganya, akabaki na madeni makubwa, akafa maskini mwaka 1862. Eklezya ilimtangaza Mwenye heri pale Lyon tarehe 22 mwezi wa 5, mwaka 2022. Twajiuliza, wala si mzaha: kama angalifia katika kijiji kile cha wavuvi, daftari lingalisema nini juu yake?

Serikali nayo ilisaidia. Mapatano ya mwaka 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Serikali ya Mfalme Leopold yaliipa kila misioni ardhi, hektari 100 mpaka 200, nayo ifundishe shule. Toka miaka ya 1920 zikaja feza za Serikali kwa ajili ya shule hizo. Wazee wetu walitoa mikono: walifyatua matofali, walipasua mbao, walibeba mawe. Feza waliombwa kidogo. Kisha mambo yakageuka. Uhuru ukaja mwaka 1960. Shule zikachukuliwa na Serikali mwaka 1974, zikarudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977. Sadaka za Ulaya zikapungua. Na katika miaka ya 1990 mishahara ya walimu ikawa si kitu, hata wazazi wakawalipa walimu kwa mikono yao wenyewe, mzigo ambao katika shule za msingi Serikali iliahidi kuuondoa mwaka 2019. Basi Eklezya ikajikuta yaomba feza kwa watu ambao haikuwazoeza kutoa feza, tena katika miaka ambayo mifuko yao ilikuwa mitupu. Ikatafuta chombo kilicho karibu, ikaliona shirika.

Maaskofu wa Kongo walipochagua njia ya jumuiya hai, mwaka 1961, walitaka Wakristu wajuane, wasali pamoja, wasome Neno la Mungu, wamtembelee mgonjwa. Mashirika mengi yangali yanafanya hivyo, nasi twayashukuru. Lakini hudhurieni mkutano wa shirika wakati parokia inapojenga. Injili hupewa dakika kumi. Daftari hupewa saa. Mjane asiye na kitu huanza kukosa juma la kwanza, la pili, kisha haonekani tena. Husema ana homa. Kumbe haumwi, anaogopa kusomwa. Hivyo chombo kilichofanywa ili kumtafuta mtu wa pembeni ndicho kinachomfukuza.

Wenye kutetea karte husema: hata Mtakatifu Paulo alikusanya. Ni kweli, na hoja hiyo yastahili jibu. Sura ya 8 na ya 9 za Barua ya pili kwa Wakorinto ni hotuba ndefu ya kuomba feza kuliko zote za Agano Jipya. Tukiisoma bila woga twaona ya kwamba Paulo si mtoto katika kazi hii. Awasifu Wamasedonia mbele ya Wakorinto kwa kuwa wametoa katika umaskini wao; awaambia Wakorinto ya kwamba amekwisha kuwasifu wao mbele ya Wamasedonia; kisha awaonya wasije wakakutwa hawako tayari, wakapata haya. Ni mashindano, tena ni haya. Anayelaani kila tangazo la majina ya watoaji na aanze kwa kumlaumu Paulo.

Lakini soma tena polepole. Paulo asema hatoi amri. Asema toleo hupimwa kwa kile mtu alicho nacho, si kwa kile asicho nacho. Asema hataki wengine wastarehe na wao wataabike, bali pawe na usawa. Anayewasifu ni makanisa, Masedonia na Korinto. Hatuoni jina la Mkorinto mmoja lililosomwa na deni lake. Na feza ile si yake: ni ya maskini wa Yerusalemu, naye mwenyewe, kama anavyokumbusha katika sura ya 11, hakuwalemea. Halafu lipo jambo ambalo wahubiri huliruka, kwa kuwa ni la uhasibu: amtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asipatikane mtu wa kunung'unika juu ya feza nyingi namna ile. Mtume aliyemwona Bwana njiani Dameski alitaka mashahidi wa kuhesabu pamoja naye. Kuna makomite ya parokia yasiyotaka hata mhasibu mmoja.

Katika sura hizo hizo ndimo lilimo neno la kupanda na kuvuna, ambalo siku hizi tunalisikia kila pembe, Kalemie na Moba, katika makanisa ya uamsho: panda mbegu kwa mtumishi wa Mungu, utavuna gari, utavuna safari ya Ulaya. Twawaona wanawake wa soko wakiacha pale mtaji wa ndagaa. Ni rahisi kucheka, lakini tusicheke sana. Katika Barua ya Paulo mbegu huanguka katika shamba la mtu mwingine, mwenye njaa, mbali. Mpandaji havuni gari, huvuna uwezo wa kutoa tena. Mhubiri wa uamsho ameigeuza barua, ni kweli. Sisi je? Yeye huuza baraka ya kesho, nasi tumeweka bei kwenye maziko ya leo. Yeye, angalau, hamzuii mtu aliyekufa.

Vivyo hivyo yule mjane wa senti mbili. Kila Jumapili ya ujenzi huletwa mbele ya waamini. Fungueni Marko sura ya 12: kabla tu ya mjane, Bwana awalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane. Kuhubiri mjane na kuuacha mstari ule wa kwanza ni kukata maandiko kwa kisu.

Twafurahi kuona ya kwamba jibu lilikwisha kutolewa Afrika. Yapata mwaka 197, Tertulianus wa Kartago aliwaeleza wapagani, katika kitabu chake cha Utetezi, sura ya 39, namna Wakristu wanavyokusanya. Walikuwa na sanduku. Kila mtu alitia kidogo siku moja ya mwezi, ama alipotaka, kama anataka na kama anaweza, hakuna aliyelazimishwa. Feza ile ilikwenda wapi? Kuwalisha maskini na kuwazika, kuwatunza yatima, wazee wasioweza kutoka nyumbani, waliovunjikiwa na chombo baharini, waliofungwa kwa ajili ya imani. Kuwazika maskini. Kartago sanduku lilifunguliwa kwa sababu maskini amekufa. Kwetu kanisa lilifungwa kwa sababu maskini amekufa.

Wala ugonjwa huu si wa Kongo tu, wala wa leo. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, katika kanuni yake ya 66, ulisikia malalamiko juu ya mapadri waliodai feza kwa maziko na kwa baraka ya ndoa, hata wakaweka vizuizi vya uongo wasipolipwa. Ukakataza. Lakini kanuni ile ile yawakemea pia walei waliotumia neno hilo ili kuziua desturi njema za kutoa. Sakramenti zitolewe bure, na desturi njema zishikwe: ndivyo mababa walivyoamua. Twapenda hukumu hiyo kwa kuwa yapiga pande zote mbili. Maana twawajua na Wakristu wenye maduka mawili wanaotia sahanini noti iliyochanika ambayo hakuna muuzaji wa mihogo angeipokea. Twawajua wanaokunywa kwa usiku mmoja mchango wa mwaka. Hao wanafichwa na karte yetu. Wamelipa, wana muhuri, hakuna anayewauliza kitu. Kiasi kimoja kwa wote humponda asiye nacho na kumfungulia mwenye nacho.

Sheria ya leo je? Kanuni 1184 yataja wanaonyimwa maziko ya Kikristu wasipoonyesha toba kabla ya kufa: walioikana imani, wazushi na waliojitenga, waliotaka kuchomwa kwa kuchukia imani, na wenye zambi wazi ambao maziko yao yangalikuwa kwazo. Mwenye deni la mchango hamo. Kanuni 1181 yaongeza, kwa habari ya matoleo ya maziko, pasiwe na upendeleo wa watu, wala maskini wasinyimwe maziko yanayofaa. Kanuni 848 yasema hivyo kwa sakramenti zote. Na mwaka 2020 Idara ya Roma inayosimamia mapadri iliandika, katika Agizo juu ya parokia, ya kwamba toleo la Misa lisifanywe kama bei, wala kodi juu ya sakramenti. Padri anayesema hakujua, seminari ilimfundisha nini?

Kuna neno moja linalotusumbua: zaka. Tumelichukua kwa Waislamu, majirani zetu wa ziwa hili. Lakini kwao zaka ina kipimo chake, nisabu. Asiyefikia kipimo halipi. Zaidi ya hayo, Kurani katika sura ya 9, aya ya 60, yamweka maskini wa kwanza katika wanaopokea. Nayo Torati, Kumbukumbu sura ya 14, yaitaka zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Sisi tumechukua jina, tukaacha kipimo, tukawaacha na wapokeaji.

Wakimbangu hufanya namna nyingine. Wana nsinsani, mashindano ya kutoa kati ya vikundi, wanaume na wanawake, kwa ngoma na tarumbeta. Kwa mikono yao na feza yao walijenga hekalu la Nkamba lililozinduliwa mwaka 1981. Twaheshimu kazi ile, maana hawakungoja feza ya Ulaya. Wanaotoa ni vikundi, furaha ni ya wote, na asiye nacho hubebwa na wimbo wa wenziwe. Hatari yake tunaiona pia, maana pale panaposhindaniwa feza, maskini hujifunza kukaa nyuma.

Sasa turudi kwa wavuvi wetu, kwani hapo ndipo karte inapoonyesha ya kwamba haikutungwa na mtu wa ziwani. Ndagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi unapojaa taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika, na mvuvi hula alichoweka, kama aliweka. Mkulima wa Marungu naye hushika feza baada ya mavuno ya mahindi na maharagwe, kisha husahau rangi yake hata mavuno mengine. Nao wote wawili tumewaandikia karte yenye vyumba 12 vilivyo sawa, kana kwamba ni makarani wa Serikali wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Na hata makarani wenyewe, Mungu ajua. Asiyelipa mwezi wa mbalamwezi huandikwa mdeni. Kama tungepokea samaki wakati wa giza na debe la mahindi wakati wa mavuno, tungepata pengine zaidi, wala tusingekuwa na wadeni. Wazee waliotoa matofali walitoa walichokuwa nacho.

Tena kuna waliopoteza miaka. Wengi wa watu wetu walikimbilia Zambia wakati wa vita, wakarudi toka mwaka 2007 kwa meli mpaka bandari ya Moba, na magodoro vichwani. Mzee mmoja alituonyesha karte yake ya zamani, aliyoihifazi kambini katika mfuko wa plastiki pamoja na cheti chake cha ubatizo. Aliihifazi kwa upendo, akaileta kwa shirika kwa furaha. Wakamhesabia miaka ya ukimbizi.

Mapadri wengine watatuuliza: mkiiondoa karte mlangoni, tutakula nini? Ni swali la haki, hasa kwa padri wa kijijini. Hatusemi karte itupwe motoni. Daftari la matoleo ni jambo jema, likae kwa mtunza feza, si mlangoni pa kanisa, wala lisisomwe mbele ya jeneza, wala mbele ya mtoto mchanga anayengoja maji. Halmashauri ya uchumi, ambayo kanuni 537 yaiamuru katika kila parokia, iwe na watu wa kweli, hata mvuvi, hata mwanamke wa soko. Na kanuni 1287 yataka waamini watolewe hesabu ya mali waliyoitoa. Tulikiona kijiji kimoja ambako katekista aliandika kwa chaki, katika ubao wa shule, kila miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, bati ngapi, mishumaa mingapi, na kilichopewa wagonjwa. Hakuandika jina la mtu. Watu walisimama kusoma, wakabishana sana juu ya bei ya bati, maana mmoja aliijua bei ya Kalemie. Mwaka uliofuata matoleo yaliongezeka. Hatusemi ubao ndio ulioyaongeza; labda samaki walikuwa wengi.

Katekista huyo ndiye aliyetuletea daftari jipya alilopewa, lenye safu tatu: jina, kiasi, deni. Alituuliza aandike nini katika safu ya tatu mbele ya jina la mama mmoja mzee anayelala katika jiko la jirani. Tukamwambia aandike: hana. Akafikiri kidogo, akauliza kama padri paroko atakubali neno hilo. Amekwenda kumuuliza, nasi twangoja jibu.